Laptopu inang'ang'ania waifai na waya nimechomeka, kulikoni?

mama_editi
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana Jumapili yangu yote imeishia hapa. Kazi yangu ni kuediti video za harusi nyumbani, Tabata, na waifai yetu jioni ni balaa, majirani wakishawasha zao hata simu ya video inakatakata. Nikaita fundi akanivutia waya kutoka kwenye rauta sebuleni mpaka chumba cha kazi. Nimechomeka, taa inawaka, Windows 11 inasema imeunganishwa, ila nikiangalia kwenye Task Manager kila kitu kinapita waifai, waya umekaa tu kama mgeni asiyejua jikoni ni wapi. Nikizima waifai waya unapiga kazi vizuri kabisa, kwa hiyo haujakatika. Sitaki kuzima na kuwasha kila siku, laptopu naenda nayo sebuleni halafu nasahau, naanza kuwalaumu watu wa intaneti bure. Hakuna namna ya kuiambia mashine waya ukiwepo tumia waya?

kijana_wa_kona
zima waifai dada, mbona unajitesa

waya_kwanza
Kasema hataki kuzima, soma swali mkuu.

Dada, kwa kawaida Windows yenyewe inapendelea waya bila kuambiwa, kwa hiyo kama imekataa kuna sababu, tusikimbilie kuilazimisha kabla hatujaijua. Kila njia ya kutokea inapewa namba inaitwa metriki, na yenye namba NDOGO ndiyo inayotumika. Hiyo namba inapangwa kwa spidi ambayo kadi ya laptopu na rauta wamekubaliana, sio spidi ya kifurushi unacholipia, wengi wanachanganya hapo. Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike hizi mbili utuletee majibu:

Get-NetAdapter
Get-NetIPInterface -AddressFamily IPv4

Ya kwanza angalia LinkSpeed, ya pili angalia InterfaceMetric.

mama_editi
Nimefanya. Ethernet imeandika 100 Mbps na metriki 35. Wi-Fi 866.7 Mbps na metriki 30. Sasa hapo mbona waifai ndo yenye spidi kubwa, si nilivuta waya ili niende kasi?? Pesa yangu jamani

waya_kwanza
Ahaa, mchawi tumempata. Windows 10 na 11 waya wa gigabiti moja (yaani 1000 Mbps) unapewa metriki 25, waifai ya 866 inapewa 30, waya wa 100 unapewa 35. Waya wako ungekuwa gigabiti ungeshinda wenyewe na usingekuja hapa kutuuliza. Mashine haijakosea, imelinganisha namba tu, haijui kwamba hiyo 866 ni ya kwenye makaratasi na jioni majirani wanaigawana na wewe.

Swali sasa ni kwa nini waya umekubaliana 100. Ndani ya kebo kuna nyaya ndogo 8, jozi nne. Spidi ya 100 inatosheka na jozi mbili, ile ya machungwa na ya kijani, ila gigabiti inataka zote nne. Uzi mmoja wa zile jozi nyingine mbili, ya bluu na ya kahawia, ukikatika au kichwa kikizibana vibaya basi unaangukia 100 kimyakimya, taa inawaka na intaneti inapita kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Inawezekana pia rauta yenyewe ina matundu ya 100 tu, zipo nyingi za hivyo. Chomeka laptopu kwenye rauta moja kwa moja kwa kebo nyingine fupi, ikionesha 1 Gbps jua shida iko kwenye ule waya wa ukutani.

Ukitaka kulazimisha leo leo, fungua PowerShell kama admini:

Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 10

Hiyo inashika IPv4 na IPv6 zote, yaani aina zote mbili za anwani za mtandao. Ukienda kwa kubonyezabonyeza kupitia ncpa.cpl (dirisha la miunganisho ya mtandao) inabidi ubadilishe kila moja peke yake, watu wanasahau ya IPv6 halafu wanasema haifanyi kazi. Na faili lililoanza kupakuliwa kwa waifai litamalizia hukohuko, usishangae, simamisha uanze upya.

mhasibu_mchoka
Naongezea kwa wa maofisini: msikopi hiyo amri bila kufikiri. Sisi waya wetu ni wa printa na mfumo wa ndani, hautoki intaneti, ila umewekewa geti la kutokea (gateway, anwani ambayo mashine inapitia kwenda nje) hivyohivyo. Kuna siku nilifanya hii kitu nikajiona mjanja, intaneti ikafa mashine nzima na mahesabu ya mwisho wa mwezi yananisubiri. Kama waya wako uko hivyo acha waifai iwe na namba ndogo.

pengwini
Wa Linux mnaotumia NetworkManager (programu inayosimamia mtandao) hamna haja ya haya yote, waya unapewa metriki 100 na waifai 600 bila kuangalia spidi. Mac unaburuta tu Ethernet iwe juu kwenye orodha ya mpangilio wa huduma za mtandao.

kijana_wa_kona
hayo yote kumbe badala ya kuzima waifai 😂

mama_editi
Mrejesho wakuu. Kebo fupi kwenye rauta imesoma 1 Gbps! Nikarudi chumbani nikafungua kile kiboksi cha ukutani, jamani, nyaya nne tu ndo zimeingia, za bluu na za kahawia zimechepushwa zimeunganishwa na waya wa kamera ya getini. Kebo moja imegawanywa inahudumia vitu viwili, na mita za kebo mbili nimelipishwa! Nimempigia fundi anasema "si inafanya kazi lakini".

Kwa sasa nimeweka metriki 10, waya umeshika, simu ya video ya jana jioni haijakatika hata mara moja. Kuvuta kebo nyingine nasubiri nilipwe harusi ya Jumamosi.

waya_kwanza
Safi. Ukishavuta mpya rudisha mambo yalivyokuwa, mashine ijipangie yenyewe:

Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -AutomaticMetric Enabled

Na safari hii simama hapohapo fundi akibana vichwa, hesabu nyaya nane kabla hajaondoka.