Tupeane uzoefu: shule ilikubali vipi kumsaidia mtoto wako mwenye disleksia?

Mama Pacha, Umoja
Wazazi wenzangu, hamjambo. Nimechoka, ndiyo maana nawauliza nyinyi. Binti yangu yuko gredi ya 5. Msimulie hadithi mara moja, atakurudishia yote. Mpe kitabu, anatokwa jasho. Tangu gredi ya 2 naambiwa ni mvivu, anacheza sana, nimtafutie tuisheni. Tuisheni amesoma, jioni na Jumamosi, mpaka akaanza kuumwa na tumbo kila Jumapili usiku.

Mwaka jana nilimpeleka KISE, ile taasisi ya elimu maalumu pale Kasarani, akapimwa. Macho sawa, masikio sawa, akili sawa; kinachomshinda ni kuunganisha herufi na sauti yake. Nililia ndani ya matatu, maana hatimaye kulikuwa na jina: disleksia. Nikaipeleka ripoti shuleni nikidhani nimefika. Mwalimu mkuu akaipitia akiwa amesimama, akaitia kwenye faili, akasema, "Mama, hapa hatuna mwalimu wa hayo mambo." Tangu hapo mwalimu wa darasa amebadilishwa mara 2, na kila anayekuja naanza naye upya.

Shule nyingine siwezi, karo yake sina. Nataka kujua wewe ulipata nini hasa, na ulikiombaje.

Baba Kijana, Kahawa West
Pole sana, Mama Pacha. Wangu alikuwa anachapwa kwa sababu ya imla. Maneno 10, akikosa 8, viboko 8. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, nikaenda nayo mkononi. Viboko vikaisha. Kilichofuata ni kwamba zamu ya kusoma ikimfikia, inamruka na kwenda kwa jirani yake. Mtoto aliniambia bora viboko. Sijasahau.

Na mimi mwenyewe, nina miaka 41, nasoma barua kwa kidole. Siku ya kumpima waliniuliza kama kuna mwingine katika ukoo mwenye shida hiyo. Nilikaa kimya kwanza, kisha nikasema ni mimi.

Mwalimu wa Gredi ya 4
Niseme ya upande wetu. Darasani nina watoto 64. Ripoti ya kurasa nyingi naiheshimu, lakini saa ya kuisoma naipata wapi? Mzazi mmoja alikuja na karatasi moja tu, ameandika kwa mkono: mwambie asome kwa sauti ikiwa tu umempa kifungu hicho jana yake, asinakili ubaoni bali aazimwe daftari na mwenzake, na akijua jibu kwa mdomo mpe alama. Nilianza kesho yake. Haikunigharimu chochote, na yule mtoto siku hizi ananyoosha mkono.

Mama Pacha, usimwendee mwalimu mkuu peke yake. Mwombe mwalimu wa darasa awepo, na makubaliano yaandikwe, ili atakayekuja baadaye ayakute.

Mama Taji, Donholm
Nyongeza kuhusu lugha. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, "ba" ni "ba" popote. Wangu hakukosea sana, alikuwa polepole tu, kwa hiyo nikaambiwa hana tatizo lolote. Kiingereza ndicho kilichomwanika. Mkienda kupimwa beba madaftari ya lugha zote mbili.

Tena gredi ya 5 si mapema. KPSEA, ile tathmini ya kitaifa, iko gredi ya 6, na ombi la mipango maalumu kwa KNEC, baraza la mitihani, kama muda wa ziada, linapitia shuleni. Mimi nilikumbuka usajili ukiwa umeshafungwa. Anza kuuliza muhula huu.

Mama Pacha, Umoja
Mwalimu, asante. Hiyo ya kumpa kifungu jana yake sikuwahi kuifikiria. Nimemuuliza binti yangu yeye angependa nini kiandikwe. Amesema, "Wasifute ubao kabla sijamaliza." Nimeiweka ya kwanza. Jumatatu saa 1 asubuhi niko getini, na Mama Taji, la KNEC nitaliuliza siku hiyo hiyo.