Kifungu cha 217 kibaki au kifutwe?

Mwalimu mstaafu, Ujiji: Kijana wa mtaani kwetu, miaka 19, alijaribu kujiua, akawahiwa. Hata dripu ilikuwa haijaisha, ndugu wakaanza kubishana kama polisi waambiwe, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema hilo ni kosa. Kifutwe. Nilimfundisha huyu darasa la tatu. Baba alifariki, mama akaolewa Uvinza, yeye akabaki kwa mjomba ambaye salamu yake ni fimbo. Aliacha kucheza, nasi tukamsifu ametulia.

Mvuvi, Kibirizi: Shikamoo mwalimu. Mimi nimelelewa na bibi, viboko nimekula, nyavu za dagaa nimevuta tangu nina miaka kumi. Mbona nipo? Shida hukomaza. Mkifuta sheria vijana wataona ni ruksa.

Nesi, Kasulu: Kaka, bibi umempitia mbio. Mtoto mwenye mtu mzima hata mmoja wa kumkimbilia si sawa na asiye naye. Mwaka 1998 Felitti na wenzake, Marekani, walichapisha majibu ya watu wazima zaidi ya 9,000 walioulizwa yaliyowapata utotoni: kipigo, kudhalilishwa kingono, mlevi nyumbani, mama kupigwa. Waliotaja manne au zaidi, uwezekano wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulikuwa takriban mara 12 ya wale ambao hawakutaja hata moja.

Mvuvi: Huku kwetu nani hajapigwa?

Nesi: Ni kweli, uchunguzi wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Wengi wao hawafiki hatua ya kujaribu kujiua. Shida ni zinaporundikana na hakuna anayeuliza. Akishabalehe, jambo dogo tu, kufeli au kuachwa, linaangukia juu ya lile rundo, na uamuzi unaweza kuwa wa dakika chache. Kuhusu sheria: familia hutuomba tuandike "ajali". Tukiandika hivyo, mgonjwa anaruhusiwa bila kuongea na mtu. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kama hiki Januari 2025.

Mama wa watoto wanne, Mwanga: Mnabishana sheria, je, yule wa darasa la tatu wa leo? Namba 116 ya watoto ni bure, wangapi hapa wameipiga?

Mvuvi: Mimi sijawahi. Mwalimu, kijana yuko wapi sasa?

Mwalimu: Kwangu. Anakula kidogo, haongei.

Mvuvi: Nitapita kesho nikitoka mwaloni. Ila sheria bado sijakubali.