Familia ya Ngamiani: simu ya Bibi inapiga shoti

*Alhamisi*

18:41 Zuhura: Assalaam alaykum. Mwanaidi kanipigia sasa hivi. Mama kashika simu ikiwa kwenye chaji, imempiga shoti mpaka kaitupa. Nani yuko Tanga?

18:49 Zuhura: Tiki za bluu nazihesabu mimi.

18:55 Abuu: Simu imemuiga mwenyewe. Bibi akikushika na maneno yake utaomba maji 😂

18:56 Da Hawa Muscat: 😂😂😂

18:56 Zuhura: Abuu, mama ana miaka 74. Mwanaidi, eleza.

19:02 Mwanaidi: Ni kama sisimizi wanatembea mkononi, Shangazi. Ila leo ilimpiga kweli. Alikuwa peku, sakafu ndo nimetoka kudeki. Na chaji haikai. Asubuhi 100, adhuhuri 20.

19:04 Hamisi: Chomoa kwanza. Zima swichi ya ukutani ndo ushike waya. Halafu chaji kwa pawabenki. Kama hasikii kitu, simu haina kosa. Betri ya simu ni volti 3.7 tu, haiwezi kumpiga mtu. Kinachompiga ni umeme wa ukutani, volti 230, unapenya kwenye chaja.

19:20 Mwanaidi: Kwa pawabenki hasikii kitu.

19:21 Hamisi: Basi ni chaja. Itupe, usimpe mtu. Ni ile iliyokuja na simu?

19:22 Mwanaidi: Hapana, hii imenunuliwa stendi. Nyepesi kama kiberiti.

19:25 Da Hawa Muscat: Mimi nilituma simu na chaja yake ndani ya boksi. Iko wapi?

19:26 Mwanaidi: Kaka Abuu aliazima siku ya arobaini.

19:31 Da Hawa Muscat: @Abuu

19:40 Zuhura: @Abuu

19:44 Hamisi: Mgongo wa simu umevimba? Kioo kimeinuka? Kama umevimba msichaji tena, wala msiubonyeze.

19:47 Mwanaidi: Uko bapa. Nimeangalia kwenye mipangilio kinachokula betri. YouTube 61%. Bibi analala mawaidha yakiendelea mpaka alfajiri, kioo kinawaka usiku kucha.

19:48 Mwanaidi: Anasema asiguse mtu mawaidha yake.

19:50 Hamisi: Yasiguswe 🙏 Mpakulie kwa sauti tupu, kioo kizime. Na simu isilale chini ya mto, joto linaua betri.

19:58 Mwanaidi: Halafu Shangazi, na friji inasisimua. Mlango, pale penye chuma. Tangu Ramadhani.

19:58 Zuhura: TANGU RAMADHANI???

20:01 Hamisi: Hilo jambo lingine kabisa, na ndilo la hatari. Chaja ya simu haitumii ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), ile pini yake ya juu ni plastiki tu. Friji inaitegemea ethi. Mwanaidi, nenda nyuma ya nyumba, waya wa kijani na njano unaoshuka ukutani umefungwa wapi? Usiuguse.

20:09 Mwanaidi: [picha] Haujafungwa popote. Unaning'inia.

20:10 Hamisi: Chomoeni friji sasa hivi. Vaa ndala kavu. Bila ethi, friji ikipata hitilafu bati lote lina umeme na swichi kuu haijikati.

20:14 Zuhura: Rashidi. 2018 tulichanga hela ya nondo ya shaba ya ethi, ya kuzika ardhini, na ya fundi. Wewe ndiye uliyesimamia.

20:33 Rashidi: Nondo ilizikwa, mama alikuwepo. Iling'olewa na wauza vyuma chakavu, nikasema humuhumu, mkanijibu na dua mkanyamaza.

20:34 Zuhura: Risiti hatukuiona.

20:35 Rashidi: Na paa nililolipa peke yangu nalo risiti mliiona?

20:36 Da Hawa Muscat: Jamani

20:37 Abuu: Kuna mtu anajua Coastal wanacheza saa ngapi kesho

20:52 Baba Mkubwa Seif: Assalaam alaykum warahmatullah. Nimesoma yote. Mke wa marehemu ndugu yangu anafungua friji yenye umeme kuanzia Ramadhani na nyie mnadaiana risiti. Friji haitachomekwa mpaka nije nione kwa macho yangu waya umeingia ardhini. Habari ya 2018 nisiisome tena humu.

20:58 Rashidi: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

20:58 Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumekosa.

21:30 Zuhura: Jumamosi saa 3 asubuhi fundi awe Ngamiani. Aliyesajiliwa, si wa kuokota. Apime na soketi zote. Kila mtu 15,000.
1. Zuhura ✅
2. Hawa
3. Rashidi
4. Abuu
5.

21:41 Da Hawa Muscat: Natuma kesho inshallah. Na chaja?

22:15 Mwanaidi: Samaki wa Bibi nimewapeleka kwa mama Asha, kwenye friji yake. Simu ina 9%, nayo naichaji huko?

22:16 Hamisi: Ndiyo, kwa chaja yao. Akipigiwa achomoe kwanza ndo apokee.

*Ijumaa*

06:12 Rashidi: Nondo na klipu yake naleta mimi, hela yangu. Fundi tafuteni nyie.

06:13 Zuhura: Nyie nani?

11:48 Abuu: Ndo naona. Chaja ipo, ila niko Muheza