Waha wamefikaje Muheza?

Kijana wa Kasulu: Wakuu, nimehamishiwa Muheza, mkoani Tanga, kikazi. Nimekuta wazee kambi za mkonge wanaongea Kiha safi, ila watoto wao hawajawahi kuiona Kigoma. Kwetu mvua ipo na ardhi inastawisha. Babu zetu walikimbia nini?

Mtani: Njaa hiyo, mkuu. Mha na safari tena!

Mjukuu wa Manamba: Mtani, utani pembeni kidogo. Babu yangu mzaa mama alitoka Heru Juu akiwa na shamba na mihogo ya kutosha. Alichokosa ni shilingi. Mwingereza alitaka kodi ya kichwa, na hakupokea mtama. Mchaga na Mhaya walikuwa na kahawa ya kuuza. Kigoma, kama Songea na Njombe, iliachwa makusudi bila zao la maana la biashara, ili vijana wake wafuate mishahara mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda kabisa ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inawasomba kwa treni na malori. Ndio hao manamba, vibarua wa mkataba.

Huku walikutana na kipande. Kadi ya siku 30, na siku ni ile uliyomaliza kazi uliyopangiwa. Matita ya majani ya mkonge hayajatimia, nyapara haandiki. Kwa hiyo mwezi wa babu ungeweza kwenda hadi wiki ya sita, na mshahara ukangoja kadi ijae. Bibi alikuwa akisema mwiba wa mkonge ulimjua babu kuliko yeye.

Mkulima Halisi: Uhuru tumepata 1961, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa 1967. Mpaka lini tutamsingizia mkoloni?

Mjukuu wa Manamba: Hapo una hoja. Kamba za nailoni ziliua bei ya mkonge, na usimamizi wetu ukamalizia. Hilo simbebeshi Mjerumani wala Mwingereza. Lakini tazama tulianzia wapi. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, ya Tanga ilikuwa Moshi kabla ya hapo, na hazikuunganishwa mpaka 1963, tulipojenga kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Kila moja ilikimbilia bandari yake. Na mkoa uliotoa vijana wake kwa miongo kadhaa, nani alibaki kupanda kahawa au kudai shule?

Kijana wa Kasulu: Nimeelewa. Sasa kwa nini hawakurudi mikataba ilipoisha?

Mjukuu wa Manamba: Wengi walirudi. Babu alioa Mbondei, akazaa, na kule ndugu wakawa wamegawana shamba. Shida ni waliobaki kambini: nyumba ya shamba, ardhi ya shamba, na shamba likibadili mwenyewe wanaanza upya kuomba pa kulima. Ukiwatembelea, waulize hilo kwanza, habari za Kigoma baadaye. Nenda Jumapili, siku nyingine utakuta wazee na watoto tu.