Naombeni ushauri, nifanyeje nitofautiane na waigizaji wengine?

Habari zenu wakuu, mimi ni binti wa miaka 24 naishi Mbagala, kuigiza ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote, nilianzia kwenye kikundi cha mtaani tukifanya michezo ya jukwaani, sasa hivi naenda usaili wa tamthilia karibu kila ukitangazwa.

Shida iko hapo kwenye usaili. Mnafika watu hata mia, wasichana wote tumesuka vizuri, wote tukiambiwa lia tunalia, halafu anachukuliwa mwenye folowa wengi Insta. Mwezi uliopita kuna sehemu nilifika hatua ya mwisho kabisa nikaulizwa nina folowa wangapi, nikasema 900, basi ikaishia hapo. Iliniuma sana jamani.

Mimi nguvu yangu ni kuigiza watu wazima, nikicheza bibi wa Kimakonde hata mama yangu anasahau ni mimi, na lafudhi ya Pwani naiweza vizuri. Ila usaili mwingi wanataka mdada wa mjini tu.

Sasa nimejiwekea laki nne. Niende kozi fupi ya sanaa Bagamoyo, au nimlipe mtu wa kamera anirekodie vipande vya dakika mbili mbili niwe naposti TikTok na kuwatumia madairekta? Na je niking'ang'ania hizi nafasi za wazee sitakwama huko huko? Waliopo kwenye hii kazi naombeni mnisaidie, nawasikiliza.