Nyumba ina bwawa la kuogelea, mwenye nyumba hataki uzio. Nifanyeje?

MamaPacha
Habari za muda huu wanajamvi. Tumehamia Mbezi Beach, wiki ya tatu sasa. Nyumba nzuri, kodi nafuu, ila mlango wa jikoni unatokea moja kwa moja kwenye bwawa. Nina pacha wa kiume, miaka miwili na nusu. Jumamosi nilikuwa naosha vyombo, kugeuka hivi, Kulwa hayupo. Nikamkuta amechuchumaa ukingoni, anavuta kandambili ya mwenzake kwa mpini wa ufagio. Kimyaa, hata hakuniita. Tangu siku hiyo ufunguo wa jikoni nauvaa shingoni kama cheni. Mwenye nyumba anasema uzio utaharibu mandhari, eti nitandaze turubai. Linatosha?

FundiGrili
Dada, turubai hapana. Mvua ikinyesha linatuama maji juu, mtoto akilikanyaga linamkunja, na wewe dirishani huoni kitu.

Mimi nachomelea uzio wa mabwawa. Urefu usipungue mita 1.2, vyuma visimame wima, nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Usikubali fundi akuwekee vyuma vya kulala katikati, hizo ni ngazi umemjengea mwanao. Geti lifungukie nje, lijirudishe lenyewe, komeo liwe juu asikofika hata akipanda ndoo. Halafu uzungushe pande zote nne. Watu wanapenda kubana hela kwa kuhesabu ukuta wa nyumba kuwa upande mmoja, wakati mlango wa jikoni uko hapo hapo!

Mwenye nyumba mwambie utafunga paneli za bolti, ukihama unang'oa. Ila geti lisimamie. Kuna nyumba nilifunga kazi safi, naenda baada ya mwezi nakuta limeegeshwa kwa tofali, walikuwa wanapitisha kreti za soda za sherehe. Sherehe iliisha, tofali likabaki.

Nesi_wa_zamu
Umesema kimya, na ndivyo ilivyo. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hatapatapi kama kwenye sinema. Akipotea nyumbani, kaangalie majini kwanza, ndipo utafute chini ya kitanda.

La pili, tafadhali: akitolewa majini msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kama hapumui, mpulizieni pumzi 5, kisha bonyezeni kifua mara 30, pumzi 2, mara 30 tena, bila kuacha, mwingine akitafuta msaada. Dada wa kazi naye afundishwe, maana ndiye anayeshinda nao.

BabaJunior
Mnunulie maboya ya mikononi, wangu anayavaa mchana kutwa.

Nesi_wa_zamu
@BabaJunior hayo ni ya kuchezea, kaka. Yanachomoka, yanapasuka, na mtoto anazoea kwamba maji yanambeba. Siku akiingia bila hayo?

MamaPacha
Asanteni sana. Nimempigia mwenye nyumba nikamsomea alichoandika fundi, mpaka kwenye tofali. Kakubali paneli, gharama tugawane nusu kwa nusu. Kazi inaanza Jumanne. Nimetoa mipira na kila kilichokuwa kinaelea, na dada kafanya mazoezi ya kupuliza na kubonyeza kwenye mto, tukacheka mpaka akaanza kulia: kumbe mdogo wake alizama kisimani kwao. Sikuwa najua, na tumekaa naye mwaka mzima.

Doto bado anadai kandambili yake.