Buti nyepesi za kuwindia, nizitembelee vipi kabla sijaingia nazo porini? (niko Tanga)

chumbageni_boy
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini, nimepata kibarua kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii upande wa Handeni, kazi ni kufuata nyayo pamoja na mzee mmoja mzoefu na kubeba beba vitu, msimu unafunguliwa Julai mosi kwahiyo bado nina muda kidogo. Sasa binamu yangu wa Dar kaniletea buti nyepesi za kuwindia, zile za kitambaa kigumu kama cha begi na ngozi kidogo mbele na kisigino, ndani zina Gore-Tex ya kuzuia maji, ukizinyanyua hutaamini ni buti. Nimezivaa ndani ya nyumba ziko poa ila kisigino cha kushoto kinapanda nikikaza mwendo, na kidole gumba cha kulia kinagonga mbele nikishuka ngazi. Mtaani kila mtu na lake, mmoja anasema nizijaze maji ya moto nivae mpaka zikaukie mguuni, mwingine nipake mafuta ya nazi nianike juani. Wenye uzoefu, hizi nyepesi zinalainishwaje? Na nitajuaje kama zinafaa kabla ya kufika huko?

shangazi_wa_pangani
Maji ya moto?? mwanangu unapika kiatu au unakivaa 😂😂

fundi_ngamiani
Mgosi subiri kwanza, weka birika chini. Mimi fundi viatu hapa Ngamiani. Hiyo habari ya maji ni ya mabuti ya jeshi ya zamani, ngozi tupu nene na soli ya kushonwa, ile ngozi ikilowa inalegea ikikauka inashika umbo la mguu. Yako ni kitambaa, kitambaa hakina cha kulegea, afu soli imeshikwa na gundi na gundi adui yake ni joto, ukiianika juani juu ya bati unaifungua mwenyewe taratibu. Mafuta ya nazi ndio usithubutu kabisa, yanaziba kitambaa kisipumue, yanavuta vumbi, na harufu yake mnyama anaipata mbali kabla hujamuona, sasa tracker gani huyo ananukia wali wa nazi.

Ila kuna kitu hujasema, ni mpya au mtumba? Maana hapo ndio watu wanalia. Kuna soli ya kati, ile laini iliyopo kati ya mguu na mpira wa chini. Kama ni ya povu la poliyurethani inaliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini, na hewa yetu ya bahari unaijua. Wananiletea buti inang'aa kama jana imetoka kiwandani, mtu kavaa siku moja soli imepukutika unga unga, anadhani kauziwa feki kumbe ni umri. Bonyeza pembeni ya soli kwa kidole gumba kwa nguvu, angalia kama kuna vijufa vidogo au inaacha vumbi, kisha ikunje kiatu pale vidole vinapokunjikia. Ikitoa mlio wa kupasuka rudisha kwa binamu. Ya EVA, povu la aina nyingine, haina ugonjwa huo, yenyewe inabonyea tu na kubaki bapa baada ya muda.

porter_usambara
Fundi kaongea vizuri, naongezea upande wa kutembea maana hiyo ndio kazi yangu, nabeba mizigo ya wageni Lushoto na Amani.

Kwanza toa kichwani hilo neno kulainisha. Buti nyepesi hazilainiki sana, wiki ya kwanza kitambaa kinalegea kidogo pale kwenye mkunjo na unyayo wako unaacha alama kwenye soli ya ndani, basi, imeisha hiyo. Buti ya ngozi nene inaweza kukutesa mwezi mzima afu ikawa rafiki yako, hii nyepesi ikikubana sehemu leo itakubana palepale mpaka siku inakufa. Kwahiyo muda ulionao usiutumie kukibadilisha kiatu, utumie kukihukumu, na kuzoesha mguu wako maana kama ulikuwa mtu wa ndala na bodaboda ngozi yako ya unyayo ni laini hata upewe kiatu cha mfalme.

Hicho kidole kinachogonga ndio kinanitisha kuliko kisigino. Kisigino kina dawa, kidole mara nyingi hakina. Vaa buti jioni baada ya kushinda umesimama, mguu unakuwa umevimba kidogo kama utakavyokuwa porini, vaa na soksi zilezile utakazoenda nazo, kata kucha, afu simama ukiegemea mbele. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kama haipo mteremko utakutoa kucha, sio utani, nimeona mgeni kashuka mlima na kucha mbili nyeusi.

Kwa kisigino jaribu kamba. Usizikaze kwenye vidole vya mguu, kaza pale mguu unapokunjika, piga fundo la kuzungusha mara mbili ili kamba isirudi nyuma, kisha kwenye matundu mawili ya juu kabisa tengeneza kitanzi kila upande, pitisha kamba ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye cha kushoto, vuta kwa chini ndipo ufunge. Kisigino kinakaa kitako. Kikiendelea kupanda hata baada ya hapo basi buti ni pana nyuma kuliko mguu wako.

Majaribio yenyewe sasa. Tanga mjini ni tambarare, utazunguka Raskazone mpaka kesho hutajua kitu. Anza nazo hapo mjini kwenye shughuli zako za kawaida mpaka usizikumbuke kama umezivaa, halafu siku ukiwa na nafasi panda gari la Muheza nenda Amani, Sigi pale getini pa hifadhi ipo kama mita 450 kutoka usawa wa bahari na Amani yenyewe kama 900, kwahiyo unapanda vizuri na kushuka vizuri. Beba begi lenye uzito utakaobeba kazini maana mguu wenye mzigo unatanuka. Ule udongo mwekundu ukilowa utakwambia kila kitu kuhusu soli. Na ukifika penye majani makavu tembea polepole usikilize, kuna buti nyepesi zina kitambaa kinachokwaruzana mguu na mguu, kwa mpanda milima haina shida ila kwa mwindaji unafukuza pofu kabla hajaonekana.

nesi_korogwe
Kaka mimi nitasema malengelenge tu. Yanatokana na ngozi kuvutwa vutwa ikiwa na jasho, kwahiyo soksi za pamba nzito ndio mbaya zaidi, zinanyonya jasho na kukaa nalo. Vaa za sufu nyembamba au za nailoni ya michezo, wengine wanavaa mbili, nyembamba ndani. Ukihisi tu sehemu inapata moto simama HAPOHAPO bandika plasta ile ya kitambaa, usijifanye mwanaume mpaka mapumziko. Likishatoka usilichubue ngozi, ile ngozi ndio bandeji yako.

mzee_nyika
Gore-Tex huko nyika ya nini. Julai nyasi bado ndefu, umande wa asubuhi unaingia kwa juu kupitia soksi, ukishaingia hautoki, unachemka nao mpaka jioni. Na usiku usizisogeze kwenye moto wa kambi, jaza magazeti, badilisha yakilowa. Huyo mzee utakayefuatana naye utamkuta kavaa katambuga na atakuacha nyuma. Ila miiba ya migunga inapita soli ya povu kama hakuna mpira wa maana chini, kagua unene wake.

shangazi_wa_pangani
Mzee usimtishe mtoto hata kazi hajaanza. Mwanangu hakikisha tu hiyo kambi ina vibali vya TAWA, wale mamlaka ya wanyamapori, buti baadaye

chumbageni_boy
Shikamoo shangazi, vibali vipo nimeonyeshwa. Wakuu nawashukuru sana. Ni mtumba ila nimebonyeza soli, hakuna nyufa wala unga. Kamba nimefunga kama alivyosema porter kisigino kimetulia kabisa, nilikuwa nafunga kama raba ya shule. Tatizo kidole, jioni hii nimepima mbele hakuna hata nusu ya hiyo nafasi. Fundi huwezi kunitanulia mbele? au nitoe soli ya ndani?

fundi_ngamiani
Upana naweza kuongeza kidogo kwa kalibu, ile mguu wa mbao wa kutanulia kiatu, urefu hapana, na hapo mbele kuna kofia ngumu haisogei. Ukitoa soli ya ndani mguu unashuka unapata nafasi juu, mbele inabaki ileile. Umesema binamu kakuletea, yeye anavaa namba ngapi?

chumbageni_boy
Anavaa 41, mimi 43. Hizi zimeandikwa 42.

fundi_ngamiani
Basi mpe yeye, aongezee soksi. Wewe Jumamosi asubuhi pita Tangamano kabla mabelo hayajachaguliwa, uje na soksi zako mfukoni.

mzee_nyika
Na utafute isiyo na Gore-Tex.

porter_usambara
😂 mzee hachoki